Tabaka la Pili la Gundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu Truphosa amechoka kunisikiliza. Truphosa ni muuguzi, tunakaa nyumba moja hapa Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas, na akitoka zamu hataki kusikia habari za antena. "Gakii, si uandike mahali? Mimi wacha nilale," aliniambia leo. Basi naandika.

Habari yenyewe ni kwamba antena yangu imegoma. Ni kitu kidogo, ukubwa wa kisosi, kinachokaa juu ya mgongo wa ndege ndogo na kusikiliza setilaiti, ili rubani ajue yuko wapi hata akiwa ndani ya wingu. Chini kuna kipande cha kauri, juu kifuniko cheupe, katikati gundi. Nimeisanifu mimi tangu mstari wa kwanza. Ni ya kwanza kubeba jina langu, na mama kule Nkubu, Meru, ameshawatangazia wanawake wote wa jumuiya kwamba mwanawe anatengeneza ndege. Nimechoka kumsahihisha.

Tatizo ni gundi. Inamwagwa matabaka mawili: la kwanza hushika kauri, la pili huziba tundu la waya na kingo zote ili maji yasiingie. Likikauka la kwanza, antena inasikia vizuri. Likimwagwa la pili, masafa ya mawimbi yanateleza, nayo inabaki kusikiliza kando ya pale setilaiti zinaposemea. Kosa ni langu. Nilipokata kauri sikuliweka tabaka la pili kwenye hesabu. Kuchongesha kauri mpya kunachukua wiki nyingi, na shule moja ya urubani kule Houston inazitaka antena zake mwisho wa mwezi.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Tabaka la pili tunaliacha.

Anayemwaga gundi ni Mzee Pontien, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na kiwandani kote ni sisi wawili tu tunaokizungumza. Wenzetu wakipita mezani kwake wanatutania kwamba tunapanga mapinduzi.

Sheria ya kiwanda hata mfagiaji anaijua: badiliko lolote liandikwe, nitie sahihi mimi na Carmen, mkuu wa ubora, ndipo lifike mezani kwa mafundi. Ningeandika, Carmen angeuliza kwa nini, na kwa nini yenyewe ni hesabu yangu. Kwa hiyo nilimwendea mzee na kumwambia kwa Kiswahili, Carmen akiwa kwenye meza ya pili akinywa kahawa yake.

"Mzee, hizi za Houston mwaga tabaka moja tu. La pili acha."

"Niache kabisa?"

"Kabisa. Hiki kifuniko kipya kinaziba chenyewe."

"Na karatasi?"

"Itakuja. Wewe weka alama kama kawaida."

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Ukishasema wewe, basi."

Nadhani kifuniko kinaziba kweli. Nitakipima nikipata nafasi.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nimeacha chai ya maziwa kwa Kwaresima. Truphosa anasema ningeacha kiburi ningepungua zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Antena zote zimepita kipimo cha masafa, na kipimo hicho nimekitia sahihi mimi. Carmen alinipongeza mbele ya watu. Huyu mama hasifu ovyo, mwaka mzima nimemsikia akisifu mara moja, na alikuwa anasifu friji mpya. Nilifurahi kama mtoto. Sijapima kifuniko.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nilialikwa kwa akina Pontien, Haltom City. Nilidhani ni chakula tu. Kumbe kulikuwa na vinywaji vimepangwa, na jirani yao mmoja amevaa suti ili awe msemaji. Alizunguka sana, akasifu Meru asikokujua, akasifu mvua, ndipo akafika: wanataka niwe msimamizi wa Diane kwenye kipaimara. Diane ni binti yao wa mwisho, yuko sekondari. Alikuwa amekaa pembeni akiona aibu kwa niaba ya wazazi wake.

"You can say no, Auntie," alisema. "They're being extra," yaani wanazidisha mambo.

Mama yake, Marie-Goretti, anafanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na Kiingereza hakimpendi. Alinishika mkono. "Kwetu msimamizi si wa siku moja," alisema. "Ukishakuwa mama yake wa kipaimara, wewe na sisi ni ndugu. Ndugu hatusemani kwa watu. Ukikosa, tunakufunika. Tukikosa, unatufunika."

Nilisema ndiyo. Ningesemaje hapana na soda iko mkononi?

Ijumaa, 28 Machi

Zimeondoka kwenda Houston. Karatasi sikuandika. Sasa nikiiandika itakuwa na tarehe ya leo, na tarehe ya leo itanisuta.

Jumatano, 2 Aprili

King'ora cha tahadhari ya kimbunga, kinachojaribiwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nilishtuka hata hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua ya mawe hapa, na Houston mvua tangu jana. Shule ya urubani imepiga simu. Ndege moja imepoteza setilaiti ikiwa ndani ya wingu. Imetua salama. Wanataka mtu aende.

Nilijitolea kabla Carmen hajamaliza kusema. Alidhani ni bidii.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi sasa hivi kutoka Houston, na viatu bado vimelowa. Joto la kule lina maji ndani yake, unatoka kwenye gari shati linakuganda hata kabla hujafunga mlango.

Mwalimu wa urubani ni mwanamke wa makamo, mpole, anasema polepole kama mtu aliyezoea kuwatuliza waoga. Alinisimulia bila kupandisha sauti. Alikuwa na mwanafunzi, wanarudi kiwanjani, wingu likawafunika. Ramani ikaganda. Ilipoamka ikawaonyesha wako mahali ambapo hawakuwa, mbali kabisa na minara mirefu ya kusini, ilhali minara ilikuwa mbele yao. Mwongoza ndege aliwaona kwenye rada yake, akawageuza kwa maneno, wakatua. Mwanafunzi hajarudi darasani tangu siku hiyo.

"Kule juu sikuogopa," alisema. "Hofu ilinijia nilipokuwa natia chai sukari."

Alinipa ile antena mkononi. Niliipeleka sikioni, nikaitikisa, nikasikia maji.

Naandika tena ili nisije nikajisahaulisha: nilisikia maji, yanacheza ndani ya kitu changu. Kifuniko hakizibi. Tundu la waya liko wazi kama nilivyoagiza liwe wazi.

Akaniuliza, "Ni bahati mbaya ya hii moja, au zote ziko hivi?"

Nikamjibu, "Tutachunguza."

Jibu lilikuwa zote. Lilikuwa kwenye ulimi wangu. Pale nje zilikuwa zimepangwa ndege nyingine, kila moja na kisosi changu cheupe mgongoni, na mvua inazinyeshea, nami nikasema tutachunguza. Njia nzima ya kurudi Dallas nilifungua redio, nikaifunga, nikaifungua. Najiona mchafu.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la mwanzo.

Carmen aliifungua antena kwenye meza ya maabara. Hakuhitaji miwani. "Tabaka la pili liko wapi?" Akachukua karatasi ya kazi, akaona alama ya Pontien kwamba matabaka mawili yamemwagwa. Akamwita. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, hakutaka mzee abanwe kwa Kiingereza cha kubabaisha. Akaniomba nitafsiri.

Tulikaa watatu. Carmen aliuliza kwa nini tabaka la pili halipo, nami nikaliuliza swali hilo kwa Kiswahili, kana kwamba silijui jibu lake. Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Sijui niliitoa wapi.

Pontien alinigeukia. Hakukasirika. Aliuliza taratibu, "Mwanangu, nimwambie nini?"

Hapo ndipo palikuwa pangu. Ningemgeukia Carmen na kusema, ni mimi niliyemwagiza. Maneno hayo hayafiki hata kumi. Badala yake nikaangalia meza, nikafikiria kibali changu cha kazi ambacho kimefungamana na kiwanda hiki, nikamfikiria mama na jumuiya yake, nikasema, "Sema unavyoona, Mzee."

Akavuta pumzi. "Mwambie nilisahau."

Nikamwambia Carmen: anasema alisahau.

"Muulize, ni hii tu au na nyingine?"

Nikamuuliza. Yeye anaamini kifuniko kinaziba, maana nilimwambia kinaziba. Kwake yeye hakuna hatari, kuna utaratibu tu uliorukwa, na kuna binti wa watu wa kufunikwa. Akafikiri kidogo. "Mwambie ni ile katoni moja ya siku ile. Nilikuwa na homa."

Nikatafsiri na homa nayo.

Carmen ameagiza katoni hiyo irudishwe. Zilizobaki zitaendelea kuruka. Pontien ameambiwa asirudi kazini mpaka apigiwe simu. Alipokuwa anavua koti la kazi alinigusa bega. "Usihuzunike," alisema. "Mambo ya kazi haya." Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Naangalia hali ya hewa ya Houston kabla sijapiga mswaki.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilipanga foleni ya kitubio. Zamu yangu ilipokaribia nikatoka kana kwamba nimepigiwa simu. Simu ilikuwa kwenye gari.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Chai ya maziwa haina ladha.

Jumatano, 30 Aprili

Pontien amefukuzwa. Si mimi niliyeambiwa kwanza, niliambiwa na Diane kwa simu: "Dad got fired. He won't tell us why. Do you know why?" Nikamwambia ni mambo ya kazi. Nimeiba hata maneno ya baba yake.

Tangu asimamishwe ameshapata kazi ghalani Mesquite, kupakia makatoni. Mesquite na Haltom City ni mwendo, na gari lao ni moja, kwa hiyo Marie-Goretti anapelekwa hotelini kabla ya mapambazuko na kukaa kwenye kiti cha mapokezi akingoja zamu yake ianze.

Leo nilimwambia Truphosa yote. Nilitaka anigombeze, nilihitaji mtu anigombeze. Alikuwa anakaanga vitunguu. Alizima jiko.

"Ngoja. Huyo mzee ali-take blame, sawa, hiyo ni mbaya. Na hizo ndege zingine?"

"Zinaruka."

"Na maji ndani?"

"Baadhi. Sijui ni zipi."

"Gakii, mimi nikipatia mgonjwa dawa wrong, kitu ya kwanza naita daktari. Siendi kwa room kulia kwanza. Hii kulia yako inasaidia nani?"

"Nitapoteza kibali."

"Si upoteze! Mficha uchi hazai, na wewe unaficha ya watu wengi." Akawasha jiko tena. Chakula kilipoiva aliongea na ugali tu.

Ni kweli asemavyo. Nimekuwa nikimlilia Pontien kwa sababu ni rahisi kumlilia mtu ninayemjua. Wale walio juu sina sura zao, nami nimewaweka mbali kwa makusudi.

Jumatatu, 5 Mei

Nilifika mlangoni kwa Carmen. Alikuwa na mgeni.

Jumanne, 6 Mei

Hakuwa na mgeni. Sikwenda.

Jumamosi, 17 Mei

Kipaimara cha Diane.

Alivaa nyeupe, nywele zimesukwa vizuri, na viatu alivyokataa kabisa kuvibadilisha. Kanisa lilijaa. Askofu alipofika mbele yetu nilitakiwa kuweka mkono begani kwake, ishara kwamba namdhamini katika imani. Niliuweka. Mkono ulikuwa mzito, nikaogopa ataona. Nyuma yetu alikuwa baba yake, amekuja moja kwa moja kutoka zamu ya ghalani, shati jeupe na macho mekundu.

Wakati wa komunyo nilibaki nimekaa. Marie-Goretti aligeuka, akaniona.

Baadaye, ukumbini, Pontien alisimama kutoa neno. Aliwaambia wageni kwamba mtu akiwa ugenini hupimwa kwa watu aliowapata, na kwamba yeye amepata injinia, binti wa Meru, ambaye sasa ni mama wa mwanawe. Watu wakapiga vigelegele. Nilisimama nikainama kuwashukuru, na nilitamani mtu mmoja tu mle ndani asimame aseme huyu ni mwongo. Hakusimama mtu. Aliyejua yote mle ndani ni mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nala wali.

Jumatatu, 19 Mei

Barua pepe kutoka kwa yule mwalimu wa Houston. Anashukuru kwa kurudishiwa pesa za ile katoni. Anasema antena zilizobaki hazijaleta shida, na wiki hii wanafunzi wake wanaanza kuruka peke yao, bila mwalimu pembeni. Ameweka alama ya tabasamu.

Utabiri: mvua Houston kuanzia Alhamisi.

Jumanne, 20 Mei

Nimesema.

Niliingia kwa Carmen asubuhi, nikafunga mlango, nikayatoa yote: hesabu ya kauri, agizo la Kiswahili, tafsiri ile. Nikamwambia antena zote hazina tabaka la pili na ndege zote zishushwe leo. Nilitarajia ngurumo. Carmen alivua miwani, akanitazama kwa huruma. Huruma!

"Gakii, naelewa," alisema. "Wewe ni msimamizi wa binti yake. Kwetu pia ni hivyo, nina makomadre watano, ndugu wa namna hiyohiyo. Unataka kumwokoa mzee. Lakini usijiharibie maisha."

"Carmen, ni kweli."

"Sawa. Tumuulize."

Kabla sijamzuia alishapiga simu na kuiweka kwa sauti. Nyuma ya Pontien zilisikika mashine za ghalani. Carmen aliuliza kwa Kiingereza chepesi: je, Gakii ndiye aliyekuambia uache tabaka la pili?

Nikafungua mdomo, Carmen akaniinulia kidole ninyamaze.

"No, no," alisema Pontien. "Gakii no say nothing. Me, I forget. She is good girl."

Carmen akamshukuru, akakata simu. "Unaona?" alisema. "Anakupenda kama mwanawe. Nenda ukapumzike."

Nilitaka kucheka, nilitaka kupasua kitu. Zaidi ya mwezi nimejificha nyuma ya mdomo wa mzee yule, na leo nataka kutoka, mlango ameushikilia yeye. Na anadhani ananifanyia wema, kwa kuwa hakuna aliyemwambia habari ya maji. Mimi ndiye niliyekuwa wa kumwambia. Nilikula nyumbani kwake na sikumwambia.

Jumatano, 21 Mei

Wasiponiamini mimi wataiamini kauri.

Nilichukua antena mpya kutoka stoo, kauri ileile, kifuniko kilekile. Nikaenda nayo kwa Carmen, nikamwomba amwage gundi kwa mkono wake, matabaka mawili, kama karatasi inavyotaka. Alisita, kisha akavaa glavu. Tanuri likakausha. Tukaifunga kwenye kipimo, mbele yake na mbele ya mkurugenzi aliyeitwa kushuhudia wazimu wangu.

Baada ya tabaka la kwanza, mstari ulikaa pale unapotakiwa. Baada ya la pili, ukateleza ukatoka nje. Imefeli.

"Kila antena iliyokwenda Houston ilipita kipimo hiki," nikasema. "Kwa kauri hii, yenye matabaka mawili haiwezi kupita. Zilizopita zote zina moja. Na aliyetia sahihi kwenye kipimo ni mimi. Pontien hana mashine ya masafa mezani kwake."

Mkurugenzi aliuliza kama kuna maelezo mengine. Carmen alikuwa ananitazama mimi, na ile huruma ya jana haikuwepo tena. Nilishukuru kuiona imekwenda.

Simu ya Houston alipiga Carmen mwenyewe. Ndege zote zimeshushwa. Mmoja wa wanafunzi alikuwa ameshafunga mkanda.

Nimekabidhi kitambulisho cha kiwanda.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua Houston, kubwa. Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 27 Mei

Carmen amenipigia simu kwa sababu nilimwandikia mara tatu. Swali langu lilikuwa moja: Pontien anarudi lini?

Harudi.

Alinieleza bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Angemrudisha mfanyakazi aliyemtii mkubwa wake. Alikuwa tayari hata kumtetea. Lakini huyu aliulizwa mbele yake akasema amesahau, akaulizwa tena kwenye simu akakana, na mara zote mbili watu walikuwa hewani. "Mtu kama huyo hawezi kuweka alama yake kwenye kitu kinachoruka," alisema. "Ungesema ile siku ya kwanza, Gakii, wakati anakuuliza aseme nini. Nilimwona anakuuliza. Sikujua anauliza nini."

Nilikuwa nimejipangia kwamba nikisema ukweli nitapoteza mimi, apate yeye. Hesabu nyingine niliyokosea. Nimepoteza mimi, na yeye ukweli wangu umemfanya mwongo mbele ya watu.

Jumapili, 1 Juni

Nimetoka Haltom City. Nilikwenda mikono mitupu, nikiogopa kwamba zawadi yoyote ingeonekana ni malipo.

Niliwaambia sebuleni, kwa mpangilio, tangu kauri. Pontien alisikiliza ameinamia magoti yake. Nilipofika kwenye maji ndani ya antena akainua kichwa.

"Kifuniko hakizibi?"

"Hakizibi, Mzee."

"Uliniambia kinaziba."

"Nilikuambia kabla sijapima."

"Na Carmen alipopiga simu, watu walikuwa huko juu?"

"Walikuwa."

Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana siisahau. "Mimi nilidhani nafunika kosa la karatasi. Kosa la karatasi ndugu anafunika. Ungeniambia kuna watu, ningemwambia yule mama palepale, hata ungekuwa mwanangu wa kumzaa. Umenifanya nikae kimya juu ya roho za watu, na sikujua." Akasugua viganja vyake. "Mimi nimetoka nchi ambayo watu walikaa kimya hivyo. Niliapa sitakuwa mmoja wao."

Nikasema nisamehe. Halikutosha na nilijua halitoshi, lakini sina neno jingine.

Diane alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mikononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Wait," alisema. "So who lied? You or Dad?"

Marie-Goretti alitutazama mmoja mmoja. "Mtoto anauliza nini?" akaniuliza mimi, kama anavyoniuliza siku zote.

Nikamtafsiria. "Anauliza nani alisema uongo, mimi au baba yake."

"Na jibu?"

"Ni mimi."

"Me too," akasema Pontien, kwa Kiingereza, ili mwanawe alipate kutoka kwake mwenyewe. "Me too, I lie. But me, I believe her."

Diane hakumgeukia baba yake. Aliniangalia mimi, kisha akapanga sahani tatu mezani, na ya nne akairudisha jikoni.